Faharasa ipo, lakini PostgreSQL haiitumii

Swali
Ndugu wanataaluma, ninasimamia kanzidata ya PostgreSQL yenye jedwali la malipo la safumlalo milioni 4. Ulizo la malipo ya siku moja, lenye sharti date(muda) = '2024-03-01', linachukua sekunde 9 ingawa safuwima ya muda ina faharasa (index, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji). Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, faharasa yako imehifadhi muda wenyewe, si matokeo ya date() inayotoa tarehe bila saa, kwa hiyo seva inalazimika kupitia jedwali zima. Andika sharti kwa mipaka: muda >= '2024-03-01' AND muda < '2024-03-02', kisha endesha EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha jinsi ulizo linavyotekelezwa) uone kama Seq Scan, yaani usomaji wa jedwali zima, imetoweka. Usitumie BETWEEN hapa, kwani hujumuisha mpaka wa juu, na malipo ya saa sita kamili usiku yatahesabiwa katika siku mbili.

Jibu la pili
Naunga mkono. Ukihitaji faharasa mpya watu wakiwa kazini, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii uandishi. Ila ikikatika njiani huacha faharasa batili, na njia inayopendekezwa ni kuifuta na kuanza upya.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Majibu sasa yanarudi kwa milisekunde 40, na mhasibu aliyekuwa akinisubiri mlangoni ameshachapisha ripoti yake.