Toroli la mashine ya kuchomelea: engo, bomba la mraba, au kabati la ofisini?

Chuma_Moro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Morogoro. Nusu ya eneo ni zege chini ya bati, nusu ni uwanja wa udongo na kokoto, na mageti yote naunganishia huko nje kwa sababu ndani hayageuki. Mashine ni MIG ya inveta, ile ya kielektroniki inayochomelea kwa waya na gesi, pamoja na mtungi wa CO2, ule mrefu unaonifika kifuani. Jioni vyote vinaingia stoo, maana ukiviacha nje asubuhi unakuta alama za miguu tu. Mlango wa stoo una upana wa sm 75 na kizingiti cha sm 3. Kwa sasa vijana wawili wanabeba mashine, na mtungi wanauviringisha kwa kitako huku wameuinamisha. Nimechoka kuwaangalia.

Nataka nitengeneze toroli mwenyewe. Njia ninazoziona ni hizi. Ya kwanza ni engo (chuma cha umbo la L) ya mm 40 kwa 4, rafu mbili, vitairi vinne vidogo vya kuzunguka, kama yale ya kwenye video za Wazungu. Ya pili ni bomba la mraba la mm 40 kwa 2, tairi mbili kubwa nyuma na mbili ndogo mbele, mtungi usimame nyuma. Ya tatu, kuna muuza skrepa ana kabati la mafaili la chuma, droo nne, bado zima kabisa. Nalikata, nalifunga tairi, droo zinabeba rodi za kuchomelea, grenda na diski. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

GejiKumiNaMbili

Kabati, mkuu, tena wahi kabla hajalikata akaliuza kwa kilo. Zile droo zina reli zenye beringi. Ukisema utengeneze za kwako utagombana na reli mpaka ukate tamaa. La kwangu nililipunguza nikaacha droo mbili, ya juu ncha za MIG na koleo, ya chini grenda na diski. Mashine inakaa juu. Wateja wanauliza linauzwa duka gani.

JuaKaliNakuru

Hilo lako linatembea kwa zege ama kwa matope?

GejiKumiNaMbili

Zege. Kwangu kote kuna sakafu.

JuaKaliNakuru

Basi si kesi moja. Mwenzako ana kokoto na kizingiti, na hao wa kwenye video wana sakafu laini hadi mlangoni. Kitairi cha sm 10 kikikutana na kokoto moja kinasimama, toroli linaendelea na safari, na aliyelishika anajikuta amekumbatia mtungi. Huku Nakuru tuko wengi tunaofanyia kazi kwa murram na hivyo vitairi vidogo tuliviacha kwa wenye supamaketi. Chuma_Moro, anza na tairi. Ukishapata tairi, fremu itajileta yenyewe.

Tena kabati la ofisi ni bati jembamba, halifiki hata milimita moja. Ukilichomelea tairi moja kwa moja litatoboka, na likikubali litang'oka siku ya kwanza ya kupita kwenye shimo. Lazima utengeneze fremu chini yake. Sasa kama unatengeneza fremu hata hivyo, kabati limekuokolea nini?

GejiKumiNaMbili

Droo.

Mwalimu_Karakana

JuaKaliNakuru amegusa penyewe, nami naongeza hesabu kidogo kwa wanaoipenda. Wengine ruka aya hii. Nguvu ya kulivusha tairi kwenye kizingiti inategemea nusu kipenyo cha tairi na urefu wa kizingiti. Kizingiti cha sm 3 kwa kitairi cha sm 10: unahitaji kusukuma kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito uliolala juu ya kitairi hicho. Kizingiti kilekile kwa tairi la sm 35, la wilibaro: theluthi mbili tu ya uzito. Mzigo ni uleule na mlango ni uleule. Tena kizingiti kikifika sm 5, kitairi cha sm 10 hakipandi hata ukileta kijiji kizima kusukuma, kwa sababu ukingo umefika usawa wa ekseli. Hapo ni kunyanyua tu.

La pili ni kupinduka. Mtungi wa namna hiyo ukijaa ni kama kilo 70, na mashine ukiiweka juu, kitovu cha uzito kinakuja kwenye sm 70 hivi kutoka chini. Ukiacha tairi za kushoto na kulia zikiwa umbali wa sm 50, toroli linapinduka likiinama nyuzi 20. Nyuzi 20 ni tairi moja kuingia kwenye shimo la sm 17, na hapo nimelihesabu likiwa limesimama. Likiwa kwenye mwendo linaanguka kabla ya hapo. Ukitanua tairi hadi sm 60 na kushusha kitovu hadi sm 55, linavumilia mpaka karibu nyuzi 29. Mlango wako unaruhusu. Pima upana wote, pamoja na ncha za ekseli na nati zake, usizidi sm 68, ili na vidole vya anayesukuma vipite.

Kwa hiyo kitako cha mtungi kisizidi sm 10 kutoka ardhini, kikae juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kidogo, na mashine isiwe juu kabisa. Vitu vizito vingine, kama rola za waya, viende rafu ya chini.

Chuma_Moro

Mwalimu, asante sana, hilo la ekseli kufika usawa wa ukingo sikuwahi kuliwaza. Basi vitairi vinne vidogo nimevifuta. Sasa fremu: engo au bomba?

BintiWaVyuma

Kaka, uzito unakaribiana: engo ya 40 kwa 4 na bomba la mraba la 40 kwa 2, kila moja kwa urefu wa mita 6 ni kilo 14 na kidogo. Kwa hiyo usichague kwa uzito. Tofauti iko kwenye kujipinda. Engo iko wazi upande mmoja; ukiishika ncha mbili ukaisokota inafuata mkono. Bomba limefungwa pande zote, linakataa. Toroli linalopita kwenye kokoto linasokotwa saa zote, tairi moja juu, jingine chini. La engo bila vyuma vya mshazari utakuta baada ya muda rafu imekwenda upande na viungo vimeanza nyufa.

Lakini engo ina raha yake kwenye rafu. Ukiilaza mdomo ukitazama juu, bati la 1.5 linaingia humo na ukingo unabaki kuzuia vitu visidondoke. Bomba halina ukingo huo, itabidi uongeze fleti baa, yaani chuma bapa. Mimi ningefanya miguu na chasi ya bomba, fremu za rafu engo nyembamba ya 25 kwa 3. Kila chuma kifanye kinachokiweza.

Na kwa wanaotaka kuiga na wana mashine ya rodi tu: bomba la unene wa mm 1.5 na rodi namba 10 (ya mm 3.2) haviivani. Utatoboa, utaziba, utatoboa tena. Tumia namba 12 (ya mm 2.5), ampea kama 60 hadi 70, chomelea vipande vifupi ukihamahama pembe. Shika kwanza kwa nukta pembe zote nne, pima mshazari kwa futi, huu na huu vikilingana ndipo umalizie. Fremu ikishakuwa na mshazari mmoja mrefu hakuna tairi litakalolinyoosha hilo toroli, litakuwa linavuta kushoto maisha yake yote.

Halafu bomba la mabati, lile lenye zinki, msilichomelee mkiwa chumbani. Ule moshi mweupe unakulaza na homa jioni. Sugua zinki kwa grenda kwanza, au nunua bomba jeusi.

SkrepaTupu

Naona mnajenga gari. Mtu ana mashine moja na mtungi mmoja. Kwa nini tairi nne? Tengeneza mkokoteni wa tairi mbili, ule wa kubebea magunia: sahani chini, mgongo mrefu, tairi mbili za wilibaro. Mtungi unasimama kwenye sahani, mashine kwenye kirafu juu ya tairi upande wa mbele. Unauinamisha, unavuta, kizingiti unakivuka kinyumenyume. Bomba moja la mita 6 linatosha na linabaki.

JuaKaliNakuru

Huo ni mzuri kwa kusafirisha. Lakini unapofanya kazi unasimama kwa sahani tu, na mtu akivuta bunduki ya MIG kupita urefu wake unaangukia kwake. Kilo 70 hizo, mzee.

SkrepaTupu

Weka mguu wa kukunja nyuma. Lakini sawa, kwa anayehama geti zima huku amewasha, nne ni salama zaidi. Kwa fundi anayeitwa site kwa bajaji, mkokoteni unashinda. Toroli la tairi nne bajaji hailimezi.

Chuma_Moro

Kweli na site naitwa. Ila huko huwa nakwenda na mashine ya rodi, mtungi unabaki.

BintiWaVyuma

Basi usiichomelee wala kuifunga mashine kwa bolti kwenye rafu. Weka ukingo na mkanda wa kubana, uweze kuitoa. Na rafu yake ilaze kidogo, nyuzi 15 hivi, uso wa mashine utazame juu. Utasoma ampea bila kupiga magoti. Mbele kuwe na kizuizi, isiteleze.

Nyuma ya mashine acha nafasi ya kiganja kilichonyooshwa angalau. Feni inavuta hewa. Ndiyo maana mimi na makabati hatupatani: watu wanaiingiza inveta ndani ya droo iliyotolewa uso, inakosa hewa, inajizima kila baada ya muda, halafu wanalaumu Wachina. Na grenda isitumike upande ule inaovuta hewa. Vumbi la chuma likishalala kwenye bodi ya umeme, siku ya unyevu inalipuka.

GejiKumiNaMbili

Nimesikia dada. Ila yangu nimesema iko JUU ya kabati, si ndani.

Mwalimu_Karakana

Tuje kwenye mtungi, maana ndio wenye hatari kuliko vyote tulivyotaja. Minyororo miwili: mmoja theluthi ya chini, mmoja theluthi mbili kutoka chini. Mmoja peke yake unaacha mtungi uteleze kitako. Mnyororo, si kamba ya katani wala mpira wa ndani ya tairi. Cheche zitavila hivyo. Nyuma ya mtungi weka vipande viwili vya fleti baa vilivyokunjwa kufuata mviringo wake ili usicheze. Unapouhamisha mbali, funga valvu, toa regyuleta, rudisha kofia. Valvu ikivunjika mtungi unaondoka wenyewe, na ukuta wa tofali za kuchoma hauuzuii.

Na kosa ninaloliona kila karakana ninayopita: holda, kile kishikio cha rodi, inatundikwa shingoni mwa mtungi ikiwa na rodi. Ikigusa ikapiga cheche, pale pameungua, na chuma cha mtungi wenye shinikizo hakitakiwi kuungua popote. Kulabu ya holda iwe ya mbao au ivishwe kipande cha bomba la plastiki, na iwe upande wa pili kabisa. Kulabu za kebo nyingine zitoke kwenye nondo ya mm 10 iliyokunjwa, zinatosha. Klempu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine, usiibane kwenye toroli, ibane kwenye kazi yenyewe.

FundiMpya_Kahama

Shikamooni. Samahani kuingilia, mimi nina seti ya oksijeni na asetilini pia. Naweza kuiweka kwenye toroli hilohilo pamoja na MIG?

Mwalimu_Karakana

Marahaba. Hapana, itengenezee toroli lake. Mitungi mitatu kwenye fremu moja ni mzigo usiosukumika, na cheche za MIG sizitaki karibu na hozi za asetilini. Ya asetilini isimame wima wakati wote, ndani yake gesi imeyeyushwa kwenye asetoni. Ukiilaza asetoni inakuja kwenye valvu. Ikiwa imeletwa ikiwa imelala, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuifungua. Na toroli la oksijeni usilipake grisi karibu na valvu wala usilishike na mikono ya mafuta. Beringi za tairi zipake kabla mitungi haijapanda.

SkrepaTupu

Kwa wenye mashine ya rodi peke yake, kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja: mashine ibaki ukutani juu ya kirafu, uongeze kebo. Kebo nene, milimita za mraba 35, mita 20 inafika kila kona na hakuna cha kusukuma. MIG ndiyo haikubali, bunduki yake ina mita tatu au nne basi.

BintiWaVyuma

Hilo kweli. Ila kebo ya shaba ya unene huo kwa bei ya sasa unanunua bomba, tairi na rangi, na chenji unarudi nayo. Na wezi wanaipenda kuliko mashine.

Chuma_Moro

Haya wakuu, nimeamua. Chasi na miguu bomba la 40 kwa 2, fremu za rafu engo ya 25, upana sm 66, tairi mbili za wilibaro nyuma kwenye ekseli moja, mbele mbili za kuzunguka za sm 15 kwa kuwa za 10 mmenitisha. Mtungi nyuma, minyororo miwili. Droo za kabati nitazinunua mbili bila kabati lenyewe nizifunge chini ya rafu ya mashine, GejiKumiNaMbili usinune. Swali la mwisho: hizo za wilibaro, za upepo au za mpira mtupu?

JuaKaliNakuru

Mpira mtupu. Za upepo ni laini zaidi kwa kokoto, lakini kwa uwanja uliojaa nyuzi za grenda na vipande vya waya wa MIG utakuwa unaziba pancha kuliko kuchomelea. Na hizo za mbele tafuta zenye breki ya kukanyaga, angalau moja. Kama hadiwea hawana, tia kabari ya mbao kwa mnyororo mfupi, uichomelee kwa fremu isipotee.