Tupeane uzoefu: Umepandisha toleo la mfumo, kompyuta inakuambia bado uko kule kule

Nyaya Tupu: Wakuu, naanza na aibu yangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilikuwa inakatiwa msaada, na ofisi ninayoihudumia ina kompyuta 40. Tukapandisha Windows 11, wiki mbili za kukesha. Bosi akataka ripoti. Nikaendesha skripti yangu ya miaka yote, kiprogramu kinachosoma toleo la kila mashine: zote 40, "Windows 10 Pro". Bosi akaniangalia kama nimekula hela ya kazi. Nilishapiga Windows upya mashine sita ndipo kwenye ya saba nikaandika winver, amri inayoonyesha toleo la Windows: Windows 11, 24H2, bildi (namba ya toleo la ndani) 26100. Kumbe skripti inasoma ProductName, yaani jina la mfumo, kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na Microsoft waliliacha jina la zamani pale pale. Cha kusoma ni CurrentBuild, namba ya bildi; 22000 kwenda juu ndiyo 11. Nyie yaliwakuta yapi?

Kapuku: Siti ya mbele, na karanga zangu.

Binti wa Kongowea: Pole kaka. Mimi ni Mac. Tovuti fulani ya kazi ilikataa kunifungulia, eti natumia macOS 10.15.7, nipandishe. Na nilikuwa nimetoka kupandisha jana yake! Nikarudia, bando likaisha. Fundi akala shilingi 2,000 "kusafisha mfumo", ikabaki vile vile. Baadaye ndiyo nikaelewa: vivinjari vingi vya Mac vimegandishwa viiambie tovuti 10.15.7 hata ukiwa na toleo jipya, na tovuti ile inaamini kila inachoambiwa. Andika sw_vers kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, hapo hudanganywi. Zile 2,000 sijarudishiwa.

Mlinzi wa Seva: Kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux, lilinikuta mara mbili katika seva moja. Nilitoka 20.04 kwenda 22.04 usiku, mwishoni ikaomba kuwashwa upya, nikakataa kwa sababu kulikuwa na watu ndani. Asubuhi faili la /etc/os-release linasema 22.04, amri ya uname -r inasema 5.4, kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani. Sawa, hilo kosa langu: kerneli mpya haianzi kazi mpaka uwashe upya. Nikawasha, ikawa 5.15. Lakini skrini ya kuingilia bado inakaribisha watu Ubuntu 20.04! Nilihangaika siku nzima. Wakati wa kupandisha iliniuliza kuhusu /etc/issue, faili lenye maneno ya skrini hiyo, nikajibu N, yaani hapana, baki na faili la zamani. Na mimi kila swali najibu N.

Kapuku: Hiyo N imeua wengi.

Nyaya Tupu: Mrejesho. Nimebadilisha ule mstari wa skripti usome bildi, nikaendesha tena. Mashine 37 ziko 26100. Tatu zimejibu 19045, yaani Windows 10 kweli kweli, hazikuwahi kupanda. Moja ni ya bosi.

Kapuku: 🤣🤣 Mkuu, hiyo usiipeleke kwenye ripoti. Ipandishe kwanza.