Kambamiti siku ya 38: chakula kinabaki kwenye sinia, nianze kupima nini?

Swali
Wakuu, bwawa ni la mita za mraba 2,000, limetandikwa plastiki nzito, kamba 30 kwa kila mita ya mraba, leo siku ya 38 tangu niweke vifaranga. Siku ya pili leo chakula kinabaki kwenye sinia la kukagulia ulaji hata baada ya saa mbili. Saa 9 alasiri oksijeni ni miligramu 7 kwa lita, pH 8.6. Sijaona mizoga. Muuza dawa anashauri antibiotiki. Nifanyeje?

Jibu 1
Mkuu, oksijeni ya alasiri inadanganya, maana mchana mwani (vijimea vidogo vinavyoelea majini) unaitoa na usiku unaivuta pamoja na kamba na uchafu. Pima saa 11 alfajiri, karibu na sakafu, mbali na padeli (mashine za kuvuruga maji ili yapate hewa). Ikiwa chini ya 4 ongeza padeli usiku. Chini ya 3 kamba hupoteza hamu ya kula. pH pima alfajiri pia. Ikipishana na ya alasiri kwa zaidi ya 0.5, mwani umezidi, na pH inapopanda amonia nayo huwa sumu kali zaidi.

Tazama na mwezi. Wakati wa bamvua (mwezi mpevu au mwandamo) kamba wengi hujivua gamba na hawali siku moja au mbili. Ukikuta magamba matupu na kamba laini, punguza chakula, subiri.

Jibu 2
Naongezea: usikague wa kwenye sinia pekee, kwani mgonjwa haji kula. Rusha kimia pembe tofauti, hasa upande upepo unakoelekea, chukua 20.

Mwinue kila mmoja kuelekea mwanga wa jua uone utumbo. Ukiwa mstari mzima mweusi au kahawia, wanakula. Uliokatika vipande au mweupe ni dalili mbaya, hasa nyuzi za kinyesi cheupe zikielea. Kisha ini, lile la kahawia ndani ya kichwa. Likipauka, likanywea na kuwa gumu kupondeka kwa vidole, shuku bakteria wa Vibrio wenye sumu, ambao huua mapema, mara nyingi ndani ya siku 35 za kwanza. Mashavu meusi na ndevu zilizokatika huelekeza kwenye tope. Fyonza katikati ya bwawa, na likinuka mayai viza hapo ndipo penye tatizo.

Jibu 3
Antibiotiki usitie, nakuomba. Haiui kirusi cha madoa meupe, na mabaki yake yanakufungia soko la Ulaya. Kirusi hicho kiliingia mashamba ya Msumbiji 2011 na Madagaska 2012, kwa hiyo si jambo la mbali. Ukiona madoa ndani ya gamba la kichwa, au kamba wakijikusanya kingoni na ndege wakishuka, funga lango, usimwage maji baharini, kimia na ndoo visitoke bwawa hilo, na mwite afisa uvuvi. Madoa peke yake hayatoshi, peleka sampuli za PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya kirusi): kamba 10 dhaifu walio hai, kwenye alkoholi. Formalini inaharibu DNA.

Muulizaji
Alkoholi ya duka la dawa, ya asilimia 70, inafaa?

Jibu 3
Tafuta ya 95. Maji ya mwilini huipunguza nguvu. Weka sehemu 10 za alkoholi kwa sehemu moja ya nyama.