Gari la Mama

Kaka Mkubwa: Habari za jioni wote. Ile Toyota IST niliyowatumia picha nilipokuja Dar bado ipo pale yadi ya Mwenge. Milioni 13, na mwenyewe anashuka kidogo tukilipa taslimu. Tuko watano, kila mtu 2.6. Mama apumzike na haya magari ya kuita mtandaoni. Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Mdogo Wetu: Mimi nimo kaka 🙏🏾

Mimi: Shikamoo kaka. Gari zuri, picha nimezitazama zote. Nina swali moja tu. Jumanne saa 12 asubuhi mama akienda mazoezi, nani atakuwa kwenye usukani?

Kaka Mkubwa: Marahaba. Tutapangana.

Mimi: Tutapanganaje kaka? Wewe uko Dodoma. Mdogo wetu saa 1 anatakiwa awe ameshaingia bandarini. Mimi leseni sina. Na mama mwenyewe mkono wa kulia ndio kwanza umeanza kushika kikombe.

Mjomba: Wanangu mnisamehe naingilia. Gari ni heshima ya nyumba. Mgonjwa akizidiwa usiku wa manane mtaanza kubonyeza simu?

Mimi: Shikamoo mjomba. Hapo umegusa penyewe. Ule usiku wa Aprili sijausahau. Presha imepanda, mvua inapiga, naita gari. Wa kwanza kapokea, akanipigia: "Unaenda wapi? Unalipa keshi?" Nikamwambia Muhimbili, akakata simu, akakanseli. Wa pili nilimwangalia kwenye ramani dakika 11, kigari kimesimama palepale. Wa tatu ndiye aliyekuja, na bei imeshatoka 15,000 imefika 27,000. Muda wote huo nimemkumbatia mama barazani, kanga yake imelowa mpaka magotini. Usiku ule ningeambiwa niuze kitanda tununue gari, ningeuza.

Shangazi: Pole sana mwanangu. Hukutuambia.

Binamu Dereva: Shikamooni wakubwa. Dada pole. Kumwacha mgonjwa kwenye mvua, dereva huyo siwezi kumtetea. Ila kwa nini dereva anauliza kwanza unaenda wapi, hiyo naijua. Gari si langu, bosi anataka hesabu 25,000 kila siku, nimepata sijapata, na mafuta juu yangu. Kampuni nayo inakata asilimia yake. Mwaka 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, waliweka ukomo wa makato asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma Aprili, wakarudi Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa. Sasa uko Ubungo, abiria yuko Kimara kwa ndani, foleni imesimama: mafuta ya kumfuata hakuna anayekulipa.

Kaka Mkubwa: Ndiyo maana nasema tuwe na letu. Hata ada ya barabara ya kila mwaka ilishafutwa 2017.

Mimi: Ilifutwa kaka, lakini ilihamia kwenye mafuta, unailipa kila ukijaza. Ndiyo maana watu wote wenye gari Jumatano ya kwanza ya mwezi wanasubiri EWURA, wanaopanga bei za mafuta, waseme bei mpya. Na nimekaa na daftari. Mama anaenda mazoezi Jumanne na Ijumaa. Kwenda na kurudi, 15,000 kila upande, ni 60,000 kwa wiki, 240,000 kwa mwezi. Hiyo milioni 13 inamlipia safari miaka minne na nusu. Hapo sijaweka bima ndogo 118,000, sijaweka sevisi, sijaweka matairi. Na pale kwa mama hakuna uzio. Gari litalala nje, vioo vya pembeni vitaondoka wiki ya kwanza.

Mdogo Wetu: Kwani Mwendokasi si inapita Kimara kwa mama?

Mimi: Inapita. Ila panda pale asubuhi uone. Mtu mzima na miguu yake anabebwa na watu mlangoni. Mama ataanguka.

Mjomba: Hoja yangu ya usiku bado hamjaijibu.

Mimi: Kweli mjomba, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Hata gari likiwepo nje usiku ule, ningebaki nimeshika funguo tu. Mama anahitaji mtu wa kumwendesha.

Binamu Dereva: Nilitaka kusema tangu mwanzo nikasita, isionekane natafuta kazi kwa ndugu. Mimi nalala Mbezi Luis, kila asubuhi napita Kimara kwenda mjini. Jumanne na Ijumaa nimchukue shangazi, mama yenu, nimsubiri, nimrudishe. 15,000 ileile, nje ya mtandao hakuna anayenikata. Usiku gari linalala kwangu. Nipigieni saa yoyote.

Shangazi: Mungu akubariki. Kijana amesema.

Kaka Mkubwa: Nimewasikia. Kusema ukweli nilitaka mama aone gari mlangoni kwake, maana baba alimwahidi na hakuwahi. Lakini siwezi kumwachia mama gari la kutazama. Kila mtu atume 50,000 kila tarehe 28 kwa dada, zinatosha safari na inabaki 10,000 ya dharura. Mimi naanza leo.

Mimi: Imeingia kaka. Asante. Sikujua habari ya baba.

Mjomba: Nimeridhika. Mama yenu mmemuuliza?

Mimi: Ametuma sauti mjomba, naandika kwa wasiofungua. Maneno bado yanatoka polepole. Anasema: "Mwambieni mtoto wa kaka kiti cha mbele akirudishe nyuma. Mguu haukunji. Na asipige honi, majirani wamelala."

Binamu Dereva: Nimetoka nje sasa hivi nimekirudisha mpaka mwisho shangazi. Kesho saa 11 na nusu nipo barazani, nitagonga mlango.