Paka akihamishwa mji anazoea, au atatoroka? Nasafiri Jumamosi, naombeni ushauri

MpangajiKibuli
Wadau, salaam. Nimepanga hapa Kibuli, Kampala, muzigo, yaani nyumba ya kupanga, ya vyumba viwili, na Jumamosi nahamia Arua kikazi. Kuna paka dume wa rangi tatu, mweupe mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, analala kwangu. Alfajiri ananiamsha kwa kunikandakanda kifuani, jioni akisikia nimeshuka kwenye boda anakuja mkia juu. Kumwacha siwezi. Ila kila ninayemuuliza ananiambia paka hazoei mtu, huzoea nyumba, nikimpeleka atatoroka. Nataka kujua tu namna ya kumfanya atulie kule. Basi ni la usiku. Hata kufunga mizigo nimeshindwa.

Mama Twaha
Mwanangu, paka hubebwa kwenye gunia asiione njia. Wetu tulimtoa Bombo hivyo hivyo, tulipofika tukalizungusha gunia, tukampaka samli miguuni. Akawa anajilamba, mpaka anamaliza kujilamba ameshasahau kwao. Hakurudi Bombo mpaka anakufa.

Dereva Malaba
Mama, huyo hakurudi kwa kuogopa kuzungushwa tena. Mimi mmoja aliingia kwenye lori langu Eldoret, nikaja kumgundua Tororo amelala nyuma ya kiti juu ya jaketi langu jipya. Nikasema haya, nimepata utingo asiyeomba mshahara. Tukala naye nyama choma njia nzima. Naluwerere akamwona muuza kuku, akashuka, hata kugeuka hakugeuka. Paka hana shukrani, kaka. Nenda Arua peke yako.

Mganga wa Mifugo
Gunia hapana. Joto litamuua kabla hamjafika Karuma. Tafuta kikapu kigumu chenye matundu na mfuniko wa kufunga, kiweke ndani ya nyumba kuanzia leo, kikiwa wazi, chakula chake kiwe humo. Mwache aingie na kutoka mwenyewe. Tandika nguo uliyoilalia, usiifue. Siku ya safari usimshibishe, maji tu, la sivyo atatapika njia nzima na abiria watakushusheni wote wawili.

Mkifika, mfungie chumba kimoja na beseni la mchanga, wiki mbili hadi tatu. Mnaona paka anavyojisugua mashavu kwenye mguu wa meza? Pale anaacha harufu yake, ndiyo hati yake ya kiwanja. Nyumba ya Arua haina harufu hiyo, na ndiyo maana anatafuta pa kutokea. Ukianza kumtoa, mtoe akiwa na njaa, kabla ya saa yake ya kula, atarudi.

Na tafadhali, msimpe panadol ili alale. Ini la paka haliwezi kuichakata kama letu, damu yake inashindwa kubeba hewa. Hata kipande cha kidonge kinaua.

Swali: amechanjwa kichaa cha mbwa? Paka pia hukipata, na hukiambukiza.

Baba Mtarajiwa
Samahani kwa kudandia uzi. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, mama mkwe kasema paka wetu aondoke leo leo, eti mtoto atazaliwa na manyoya. Ni kweli?

Mganga wa Mifugo
Manyoya hapana, ssebo. Anachokisikia kwa mbali ni toksoplazima, ugonjwa wa vimelea unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hutoka na kinyesi cha paka, lakini vinahitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mchanga usafishwe kila siku, na usafishe wewe, siyo yeye. Halafu nyama iive vizuri na mboga zioshwe, kwa sababu wengi huupata ugonjwa huo jikoni. Paka abaki.

Baba Mtarajiwa
Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Asante, nadhani.

MpangajiKibuli
Dokta asante sana. Kikapu nimeshanunua soko la Owino, na tiketi nimeshakata. Chanjo sijui, karatasi sijaiona. Ana ushanga tu shingoni.

Shaka Kwanza
Ushanga! Paka wa mtaani kajivalisha ushanga mwenyewe? Huyo paka ni wa nani, Mpangaji?

MpangajiKibuli
Wa nani ndio nini? Paka ni wa anayemlisha. Analala kwangu.

Mama Twaha
Hujajibu, mwanangu.

Afande Mstaafu
Mimi nikiwa kambini Moroto tulikuwa na paka wa ghala la posho. Panya walikuwa wakubwa, hawaogopi bunduki. Yule paka hakuwa wa mtu, alikuwa wa serikali. Mshika ghala alipohamishwa akaondoka naye kwenye kitanda cha kukunja. Alirudishwa na askari wawili. Paka, siyo mshika ghala. Jibu swali la mama, kijana.

MpangajiKibuli
Sawa. Ni wa Hajati mwenye nyumba, anakaa mbele, mimi nakaa nyuma. Lakini sikilizeni kwanza kabla ya kunihukumu. Huko kwake alikuwa anapewa posho, yaani ugali, na mchuzi, na maziwa kila asubuhi, anaharisha uani kutwa nzima. Mimi namnunulia mukene, dagaa wa ziwani. Tangu aanze kula kwangu manyoya yanang'aa, tumbo limejaa, anakula mara mbili ya zamani. Ameota mwili kweli kweli. Anaingia kabatini kwangu anachimba nguo analala humo, kwa Hajati hafanyi hivyo. Paka kanichagua mwenyewe. Mnataka nimfukuze?

Binti Jinja
Kwenye maziwa uko sahihi, paka wengi wakishakua tumbo halistahimili maziwa. Na posho tupu haimfai, lazima ale nyama au samaki. Ila kumlisha paka wa mtu hakukupi haki ya kumpandisha basi. Jirani yangu analisha wanangu kila siku wakitoka shule, mbona hajawahi kuhama nao? Japo siku nyingine ningemshukuru.

Shaka Kwanza
Na Hajati anasemaje?

MpangajiKibuli
Hayupo. Yuko Masaka kwa binti yake, anauguza.

Mama Twaha
Na aliyeachiwa kumlisha paka ni nani?

MpangajiKibuli
Mimi. Aliniachia ufunguo wa jiko na pesa ya samaki. Haya, nimesema.

Mama Twaha
Laa haula! Hajati alikwenda kumuuguza mwanawe, akakuachia amana, nawe unaikatia tiketi ya basi? Hujasikia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie?

MpangajiKibuli
Mama, yule hakumlisha. Mimi nalisha. Na nimeshapanga: kijana wa duka la jirani atamtafutia Hajati mwingine wa kufanana naye. Mama wa watu macho yenyewe hayaoni vizuri. Kibuli paka ni wengi.

Dereva Malaba
Eti wa kufanana naye, kana kwamba umevunja bilauri! Huyu mtu asikae karibu na gari langu.

Shaka Kwanza
Ngojeni. Narudi juu kabisa. Paka dume, rangi tatu. Nimekulia kwenye nyumba iliyojaa paka, dume wa rangi tatu sijamwona hata siku moja. Wadau, tunatungiwa hapa. Hakuna Hajati, hakuna Masaka, hakuna paka. Kuna mtu amekaa na bando lake anatucheka.

Binti Jinja
Mimi pia nilishangaa. Nani anakata tiketi kabla ya kuuliza?

Dereva Malaba
Wote wanaooa, dada.

Mganga wa Mifugo
Shaka ana hoja, ila haifiki mnakoipeleka. Rangi nyeusi na ya chungwa hukaa kwenye kromosomu ya X, moja hubeba rangi moja. Jike ana X mbili, anaweza kuwa na zote. Dume ana moja, kwa hiyo huwa mweusi au wa chungwa, basi. Dume wa rangi tatu kwa kawaida hutokea pale anapozaliwa na X ya ziada, na ni nadra mno. Kwa hiyo ama Mpangaji anatutungia, ama hajawahi kutazama chini ya mkia.

Sasa msomeni tena. Tumbo limejaa. Anakula mara mbili. Anachimba nguo kabatini. Mpangaji, huyo hajaota mwili kwa mukene wako.

Afande Mstaafu
Dume lina mimba. Nimestaafu mapema mno.

MpangajiKibuli
Haiwezekani. Hajati anamwita Sultani.

Mganga wa Mifugo
Anaweza kumwita hata Kabaka. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Chuchu huanza kuvimba na kuwa za waridi kwenye wiki ya tatu. Tazama kwa macho tu, tumbo usilibonyeze. Akianza kuchimba pa kulala ndani ya kabati, mara nyingi zimebaki siku chache.

MpangajiKibuli
Nimetazama. Ni za waridi, na zimetokeza.

Shaka Kwanza
Picha?

MpangajiKibuli
Kamera ya simu yangu ilipasuka.

Shaka Kwanza
Niliwaambia.

Mama Twaha
Awe wa kweli awe wa kutungwa, hapandishwi basi la usiku mja mzito. Mpigie Hajati sasa hivi.

MpangajiKibuli
Tiketi ya kwake hairudishwi, nililipia kiti kizima.

Mganga wa Mifugo
Weka miguu juu ya kiti hicho. Huyo akizalia njiani, kwenye mtikisiko na kelele, anaweza kuwakataa watoto au hata kuwala. Mwekee sanduku la katoni penye kivuli, nguo kuukuu ndani, mahali pasipopitwa na watoto. Baada ya kuzaa usiwashikeshike, ukiwachezea atawahamisha mmoja mmoja hadi usikokujua. Wakifika wiki nane wanaweza kugawiwa. Naye ahasiwe wakishaacha kunyonya, maana paka anaweza kubeba mimba nyingine angali ananyonyesha. Kitivo cha mifugo pale Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo, na siyo mbali na kwenu.

MpangajiKibuli
Nimempigia. Sikumtajia Arua. Nimemwambia Sultani ana mimba. Kacheka mpaka akakohoa, anasema anajua, ndiyo maana alinichagua mimi, eti nina subira. Anarudi Ijumaa.

Mama Twaha
Na ule mpango wa kijana wa dukani?

MpangajiKibuli
Nimeuvunja. Lakini bado nasema kwangu alikuwa anakula vizuri. Nitamwomba Hajati mtoto mmoja, wiki nane zikitimia nije kumchukua.

Afande Mstaafu
Mimi nilishamuulizia dokta faraghani kuhusu wawili, nina ghala la mahindi Luweero. Wewe panga foleni.

Baba Mtarajiwa
Dokta, mchanga unabadilishwa wote au ni kuokota tu?