Ligi ya wanawake Marekani ilikufa kweli?

Winga_wa_Unguja:
Asalaam aleikum jamani. Mie nachezea timu ya mpira wa miguu ya wanawake hapa Unguja, juzi tumekaa barazani kaka yangu ananambia we jichoshe tu, Marekani kwenyewe na pesa zote zile ligi ya wanawake ilikufa sembuse Zanzibar. Nkanyamaza, sikuwa na jibu. Ni kweli? Walikosa watu au pesa?

zenji77:
Ilikufa dada, ile WUSA. Ilianza mwezi wa 4 mwaka 2001 timu 8, ikafungwa tarehe 15 Septemba 2003, siku 5 kabla ya Kombe la Dunia la wanawake kuanza hukohuko kwao, aibu iliyoje. Ila kaka'ko asikutie maneno, watu walikuwepo, mechi ya kwanza Washington waliingia zaidi ya 34,000. Kilichowaua hesabu. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 1999 pale uwanja wa Rose Bowl, Marekani, walijaa watu 90,185, matajiri wa tivii za kebo wakaona hapa pana biashara, wakatenga dola milioni 40 za kuendeshea ligi miaka mitano, zikateketea msimu wa kwanza tu. Yaani kama mtu kauza karafuu za msimu mzima akazimalizia kwenye harusi moja!

Mtambwe_boy:
Na tivii usisahau yakhe. Wakahamia chaneli isiyo na watazamaji, mdhamini gani ataweka pesa yake huko? Wachezaji nyota kina Mia Hamm wakakubali kukatwa mishahara, wapi. 2009 ikaja nyengine, WPS, nayo misimu mitatu chali. Timu ya Los Angeles Sol, ya yule nyota Mbrazili Marta, iliongoza msimamo wa ligi mwaka ule wa kwanza, mwaka wa pili timu haipo, imekosa mnunuzi.

mama_wa_namba9:
Nyie mwasema milioni 40, siye twafa kwa nauli. Mwanangu hutoka kavaa buibui juu ya jezi, njumu kazitia kwenye kikapu cha ukili, daladala mbili mpaka uwanjani, wakifika wavulana washaingia, wanaambiwa subirini. Wanasubiri weee, wakipewa uwanja imebaki nusu saa magharibi iadhiniwe. Mpira saa ngapi hapo?

zenji77:
Hapo mama umesema kweli. Na Winga, mwambie kaka'ko amalizie hadithi, 2013 ikaanzishwa ligi ya tatu, NWSL, na mpaka leo ipo. Safari hii walianza kidogokidogo, mishahara ya wachezaji wa timu za taifa ikalipwa na mashirikisho yao ili klabu zipumue.

Winga_wa_Unguja:
Kumbe ipo! Basi leo baada ya isha namngoja palepale barazani. Na hiyo ya karafuu naichukua, maana yeye fungu lake la karafuu za babu kule Wete lote alinunulia simu, na simu yenyewe ikaanguka baharini wiki ya pili 😂