Naomba ushauri: almasi ya karati 1.01 au ya karati 0.90?

Mkazi wa Chikongola
Habari zenu, ndugu. Malipo ya korosho yameingia nami nimeazimia kununua pete ya uchumba yenye almasi. Sonara mmoja wa Dar es Salaam amenitumia picha na vyeti vya mawe mawili ya duara, ambayo rangi na usafi wake ni wa daraja moja na bei zake zinakaribiana sana. La kwanza lina karati 1.01, kipenyo cha milimita 6.1 na kimo cha milimita 4.2, lakini ukataji wake umepewa daraja la nne kutoka juu kati ya matano. La pili lina karati 0.90, kipenyo cha milimita 6.2 na kimo cha milimita 3.83, na ukataji wake ni wa daraja la juu kabisa. Shemeji zangu hawataki kusikia chochote kilicho chini ya karati moja. Je, ni busara kulipa fedha zile zile kwa jiwe jepesi?

Fundi Vito, Lindi
Ndugu yangu, vipimo ulivyoandika vimekwisha kukujibu. Jiwe jepesi ndilo pana zaidi likitazamwa kwa juu, maana lile la karati 1.01 limeficha uzito wake tumboni, ambako pete ikishavaliwa hakuna atakayeuona. Kimo chake ni karibu asilimia 69 ya kipenyo, ilhali la pili ni karibu asilimia 62. Huku kwetu tunawajua wanaotia kokoto katika gunia la korosho ili mizani ipande. Tofauti ni kwamba huyu mkataji hakuvunja sheria yoyote. Alijua kwamba bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe linapofika karati moja, hivyo akaulinda uzito na kuutoa mwanga kafara.

Mwanga unaoingia kwa juu unatakiwa kugonga ubavu wa chini, uruke hadi ubavu wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Tumbo likiwa refu mno, mwanga hupenya na kupotea kwenye ubavu wa pili, na katikati ya jiwe huonekana giza. Likiwa fupi mno, hupotea tangu ubavu wa kwanza. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtaalamu wa ukataji wa almasi, alipiga hesabu za pembe hizi, akapata nyuzi 40.75 kwa sehemu ya chini na 34.5 kwa sehemu ya juu, na hadi leo wakataji wazuri hawaendi mbali sana na hapo. Muulize sonara wako pembe za mawe yote mawili.

Binti wa Masasi
Naongezea jambo moja, kaka. Usiamue kwa picha, wala kwa taa za dukani, kwa sababu chini ya taa zile hata kioo humeta. Omba ulitazame jiwe barazani, penye kivuli na mwanga wa kawaida wa mchana, ukiligeuza polepole. Lililokatwa vizuri litaendelea kung'aa kutoka ukingo hadi ukingo, na lililokatwa vibaya litabaki na doa jeusi au kijivu lisilohama. Jua kali la Mtwara nalo hudanganya: almasi nzuri kabisa huweza kuonekana nyeusi juani huku ikitoa cheche za rangi.

Mzee wa Mikindani
Waambie shemeji zako habari ya almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui kule Shinyanga, iliyopatikana mwaka 1947 ikiwa na karati 54.5 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa zilibaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu iliishia kuwa vumbi na vipande, na hakuna aliyelalamika kwamba imepunguzwa.

Mkazi wa Chikongola
Nawashukuru sana. Fundi, je, jiwe la kwanza haliwezi kukatwa upya?

Fundi Vito, Lindi
Linaweza, lakini litashuka chini ya karati moja, na utakuwa umelipia kwanza bei ya karati nzima, kisha ujira wa mkataji na cheti kipya. Hiyo ni kazi ya mfanyabiashara aliyelipata kwa bei ya kutupa.

Mkazi wa Chikongola
Nimeelewa. Nimemwandikia sonara aniwekee la karati 0.90 na anitumie pembe zake kabla sijalipa. Shemeji nitawaonyesha kipenyo.